Waya Mwekundu wa Nkoma

Vijana wangu, mkipita kwangu hapa Somanda mnaiona ile meza ya barazani yenye deki tatu zilizofunguliwa matumbo, mnacheka. Chekeni tu. Kazi nimeiacha, huu mwaka wa pili. Macho hayaoni tena vitu vidogo, na mkono wa kulia unatetemeka nikishika chuma cha kuchomea risasi. Deki zenyewe hakuna anayezileta. Watu wanaangalia kila kitu kwenye simu, na harusi siku hizi inakuja kwenye flashi ndogo kuliko kidole. Lakini nyinyi mnaojifunza ufundi mmeniomba niwaeleze tulivyofanya kazi. Nimekubali, kwa sharti moja: nikifika Nkoma mniache nimalize.

Aliyenifundisha ni Mzee Luhende wa Nyashimo. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, na kila lori likipita redio zote kwenye rafu zilitikisika kama zinaitikia jambo. Hakuwa na cheti. Alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyobaki, na kwa hayo mawili alimenya waya vizuri kuliko mimi kwa koleo. Wateja walidhani mzee anatafuna waya kwa njaa. Alikuwa mkali, ila hakupiga kelele. Ukikosea alikaa kimya akakutazama mpaka mwenyewe ukaanza kufungua upya.

Kosa langu la kwanza la deki lilikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja aliyekuwa ameoa karibuni. Mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea, na mwalimu alitaka kumwonyesha kuwa binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Nikafunga kila kitu kwa haraka, tivii ile ya zamani yenye chogo, deki na sabufa mpya. Pini ya njano nikaichomeka kwenye tundu la sauti. Nilipowasha, tivii ilibaki nyeusi, na sabufa ikatoa mngurumo ambao sijawahi kuusikia tena. Yule mama mkwe alitoka nje na kanga yake mkononi, akakaa chini ya paa la jiko, na hakuingia tena sebuleni siku ile. Mzee Luhende niliposimulia alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akachukua pini tatu akaniwekea kiganjani moja moja. Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto. Nyekundu ni sauti ya kulia. Akasema picha na sauti hazisafiri kwenye waya mmoja, na sauti yenyewe ina miguu miwili.

Nyinyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Hizi tivii bapa za sasa zina waya mmoja mpana unaobeba picha na sauti pamoja, na ukikosea hauingii, umekwisha. Lakini bado mtakutana na deki vijijini, kwa hiyo sikilizeni. Zima vyote kabla ya kuchomeka. Punguza sauti ya sabufa mpaka mwisho, ndipo uwashe. Tivii bapa nyingi hazina tundu la njano peke yake. Tafuta tundu la kijani lililozungushiwa duara la njano, chomeka humo, halafu kwenye rimoti tafuta AV. Angalieni pia matundu mekundu, maana tivii nyingine zina mawili, moja la picha na jingine la sauti, na mtu mwenye haraka huchomeka popote panapofanana. Ukitaka sauti itoke kwenye sabufa, nyeupe na nyekundu zitoke kwenye deki ziende moja kwa moja kwenye sabufa, usizipitishe kwenye tivii. Na kabla hujaondoka, weka sikio kwenye kila spika. Kila moja. Nitarudi hapo.

Jambo la sauti mbili nililielewa kwenye kibanda umiza kimoja pale pale Nyashimo. Mwenye kibanda alileta filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa, zile ambazo mtu wetu anaingia katikati na kueleza kila kitu kwa Kiswahili na maneno yake juu. Watu wakajaa. Filamu ikaanza, Wahindi wakaongea na kulia na kuimba, na mtafsiri hakusema hata neno. Watu wakaanza kupiga kelele. Mama mmoja mwuza karanga, ambaye filamu ile alikuwa ameshaiona kwingine, akasimama akaanza kutafsiri mwenyewe, na kusema kweli alikuwa mzuri. Mwenye kibanda akamwita Mzee Luhende, akisema sidii ni mbovu. Mzee hakuitazama sidii. Alichomoa pini mbili za sauti nyuma ya deki, akazibadilisha, nyeupe pa nyekundu na nyekundu pa nyeupe. Mtafsiri akaanza kuongea. Wahindi ndio wakanyamaza.

Tulipotoka akanieleza. Waliotengeneza ile sidii walikuwa wameweka sauti za filamu upande mmoja na mtafsiri upande mwingine. Waya mmoja ukifa, nusu ya maneno haisikiki, na nusu iliyobaki inasikika vizuri kiasi kwamba huwezi kudhani kuna kitu kimepungua. Akaniambia, "Maduhu, usimwambie mtu sidii yake ni mbovu kabla hujabadilisha waya. Sidii ni ya mtu. Waya ni wa kwako wewe fundi." Nakumbuka pale aliposimama akinieleza haya, na shati alilovaa. Kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Sasa Nkoma.

Miaka ile nilikuwa nimeshahamia Bariadi, nina kibanda changu hapa Somanda na jina langu. Watu wa Itilima walinifuata mpaka hapa. Siku moja akaja kijana mmoja aitwaye Shija, mtoto wa Mzee Jilala wa Nkoma, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha. Shija alikuwa ameoa mwezi wa saba, na miongoni mwa zawadi walipewa tivii, deki, sabufa na sola. Vyote vilikuwa bado kwenye maboksi. Vilibaki hivyo kwa sababu miezi miwili baada ya harusi dada yake alifariki, na nyumba yenye msiba haifungui maboksi. Sasa mpiga picha wa harusi alikuwa amewatumia sidii, kwa kuchelewa kama kawaida yao, na mama yake alikuwa anaitaka kila siku.

Njiani kwenda Nkoma, nikiwa nyuma ya pikipiki yake, Shija alinieleza sababu.

Dada yake aliitwa Minza. Alikuwa ameolewa Nyashimo, akazaa mtoto, na yule mtoto akafa akiwa na miezi mitano. Mama yao, Mama Shija, alikuwa mtu wa kushika mambo ya wazee. Alikuwa amemtaka Minza amfunge mtoto dawa ya ukoo, na Minza, aliyekuwa mtu wa kanisani, alikataa. Siku ya mazishi, mbele ya wanawake wote, mama alimwambia binti yake kwamba mtoto amekufa kwa ubishi wake. Minza akamjibu kwamba kuanzia siku hiyo hana mama. Akaondoka. Karibu mwaka mzima hawakusemeshana. Kwenye harusi ya kaka yake alikuja kama mgeni, akalala kwa jirani, na mama alishinda jikoni kwenye moshi ili wasikutane uso kwa uso. Kesho yake Minza alirudi kwake. Halafu malaria ikampanda kichwani, na simu iliyofuata kutoka Nyashimo ilikuwa ya msiba.

Sasa watu waliokuwepo harusini walikuwa wamemwambia mama kwamba walimwona Minza akisimama nyuma ya ghala na mpiga picha, wawili tu, amebandikwa maiki ndogo kifuani, akiongea kwa muda mrefu. Hakuna aliyesikia alichosema. Mpiga picha mwenyewe alishakwenda Geita kwenye migodi, namba yake haipatikani, na hiyo sidii aliituma kwa mtu. Kwa hiyo mama alikuwa anasubiri kitu kimoja tu kutoka kwenye ile harusi nzima, nacho ni kusikia mwanawe alisema nini.

Hayo yote niliambiwa kabla sijashuka kwenye pikipiki.

Nilifika, wakanipa kiti na maji, nikaanza kazi. Mama Shija alikaa chini kwenye mkeka karibu na tivii, mwanamke mrefu mwembamba, miguu ameinyoosha. Mzee Jilala alikaa mlangoni. Nilifunga sola, nikafunga tivii, nikatoa deki kwenye boksi na waya wake ukiwa bado umefungwa kwenye nailoni. Njano kwenye tivii, nyeupe na nyekundu kwenye sabufa. Safari hii sikukosea tundu hata moja.

Picha ilitoka safi. Muziki wa harusi ukatoka. Bwana harusi, bibi harusi, ng'ombe, watu wanakula. Halafu akatokea Minza nyuma ya ghala, gauni la bluu, anatazama mbele. Mdomo ukaanza kutembea. Muziki ukaendelea. Mdomo ukatembea, akatabasamu kidogo, akajifuta jicho kwa kiganja, akasema tena, na sisi tukasikia kinanda.

Mama Shija akaniuliza anasema nini.

Nikarudisha nyuma, nikacheza tena. Kinanda. Nikaongeza sauti. Kinanda kikubwa zaidi. Hapo nikafanya jambo ambalo nataka mlijue vizuri. Niliweka mkono juu ya spika ndogo ya kulia, na haikutetemeka. Nikasogeza sikio, ikawa kimya kabisa. Niliona. Nikajiambia nyumba ni ndogo, spika moja inatosha, hiyo nyingine nitaitazama siku nyingine. Waya ulikuwa mpya, umetoka kwenye boksi mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa na imani kwamba kitu kipya kiko sawa. Na simu ilikuwa inaita mfukoni. Kulikuwa na baa hapa mjini, mwenyewe alikuwa na mechi jioni ile na tivii yake haionyeshi, na alikuwa ameshanipigia mara nne.

Nikasimama, nikapangusa mikono. Nikamwambia yule mama kwamba mpiga picha ameweka muziki juu ya maneno, maneno yamefutika.

Akaniuliza kama hayawezi kurudishwa.

Nikasema, "Mama, sauti ikishafutwa imefutwa."

Hakulia. Alisema "wabeja", yaani asante, akainuka akaniletea karanga za kuchemsha kwenye kikapu kidogo nile njiani. Nilizila. Nilifika mjini, nikatengeneza tivii ya baa, watu wakaona mpira, wakanisifu.

Sikuifikiria ile nyumba tena. Hilo nalo nawaambia, maana mtu akisimulia kosa lake hupenda kusema lilimsumbua tangu siku ile. Mimi halikunisumbua. Nilifunga mamia ya deki baada ya pale. Nilinenepa kidogo. Mzee Luhende alifariki, nikaenda Nyashimo kumzika, na nikasimama pale nikawaeleza watu jinsi alivyonifundisha kubadilisha waya, na watu wakatikisa vichwa.

Ikapita miaka kumi na zaidi.

Mwaka juzi, nikiwa bado sijafunga kibanda, asubuhi moja akaingia mwanamume mwenye mvi chache kwenye ndevu, ameshika bahasha ya kaki. Ni Shija. Nilimkumbuka kwa shida, yeye alinikumbuka mara moja. Alisema deki yao imekufa, na ana sidii moja anataka niihamishie kwenye flashi, waiweke kwenye tivii mpya. Nikampa kiti. Sidii ilikuwa imechakaa kwa mikwaruzo, nikaanza kuipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa.

Wakati napangusa akawa ananiambia habari za nyumbani. Mama yake alifariki masika yaliyopita. Nikampa pole. Akasema mikwaruzo yote ile ni ya mama. Alikuwa anaicheza sidii ile karibu kila Jumapili, anafika pale pa Minza, anarudisha nyuma, anatazama mdomo. Kila mgeni aliyefika aliombwa kukaa na kukisia. Mwalimu wa shule alikisia, katekista alikisia. Watoto wa Shija walifanya kuwa mchezo, na mdogo wao aliwahi kusema shangazi anaomba maji, na bibi yake siku ile alicheka, jambo lililokuwa adimu. Lakini kadiri alivyozeeka mama alijiwekea moyoni kwamba Minza alikuwa anasema lile neno lile lile, kwamba hana mama. Alipokuwa anaumwa alimwuliza Shija kama binti anaweza kumlaani mama yake kwenye sidii, na kama laana hiyo inafanya kazi.

Nikaiweka sidii kwenye deki yangu ya mezani. Deki hiyo nilikuwa nimeifunga mwenyewe kwa waya mzuri kwenye spika mbili zilizokaa kushoto na kulia kwangu.

Ilipofika pale pa Minza, muziki ulitoka spika ya kushoto. Na kutoka spika ya kulia, karibu kabisa na bega la Shija, akatoka mwanamke anaongea.

Shija alivua kofia akajifunika nayo uso. Sikuzima. Muda wa kuzima nilikuwa nao, lakini mkono haukwenda. Tulisikiliza mpaka mwisho, dakika tatu labda, na bodaboda zinapita nje zikipiga honi kama siku nyingine yoyote. Mpiga picha hakuwa amefuta kitu. Alikuwa ameweka maneno upande wa kulia na muziki upande wa kushoto, kama wale wa filamu ya Kihindi.

Shija alipoweza kusema alisema, "Kumbe siku hizi mashine zinarudisha sauti."

Alikuwa ananitazama kwa shukrani. Nilikuwa na nafasi pale ya kusema kweli, na mtu mwenyewe ameketi mbele yangu. Nikamjibu, "Ndiyo, ufundi umeendelea." Hilo la pili, vijana, ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nilifanya kwa haraka. La pili nililifanya nimekaa.

Alirudisha sidii kwenye bahasha, flashi akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaushikilia ule mfuko kwa mkono mpaka alipopanda pikipiki.

Siku tatu sikuweza kufanya kazi. Ya tatu nilimweleza mke wangu. Yeye alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Unayemwogopa ni yule mzee wa Nkoma, au unaogopea jina lako?" Asubuhi yake nilichukua deki yangu, waya mpya niliokuwa nimeupima kwa mita pande zote mbili, nikapanda bodaboda kwenda Nkoma.

Mzee Jilala alikuwa zizini, anamtoa kupe ndama masikioni. Alikuwa amezeeka sana, ila mikono ilikuwa imara. Nikamsalimia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani kwangu, mvua, barabara. Nikangoja amalize masikio yote mawili. Kisha nikamweleza nikiwa nimesimama pale pale kwenye samadi. Nilimweleza habari ya spika ya kulia, ya simu ya baa, na ya jibu nililompa Shija juzi. Sikuacha kitu.

Alimwachia ndama aende kwa mama yake.

"Siku ile uliona spika moja haisemi," akasema.

"Niliona, baba."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka."

Akatoka zizini, nikamfuata. Aliingia ndani, na nyuma ya kabati akatoa ile deki ya zamani, imekufa, imejaa vumbi, na waya wake bado umeviringwa juu yake. Akanipa waya. Hakusema nifanye nini, ila nilielewa. Nilichukua kisu nikaipasua pini nyekundu. Ndani kulikuwa na uzi wa shaba mwembamba umejikunja peke yake, haujagusa kitu. Haukuwahi kuchomewa risasi tangu kiwandani. Nikamwonyesha. Akausogeza karibu na jicho.

"Waya wa namna hii ulikuwa unauzwa wapi?" akaniuliza.

Nikasema kila duka la vifaa pale Somanda. Hata mimi nilikuwa nao kwenye begi siku ile.

Akaurudisha mkononi mwangu. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaniambia nifungue asikie na yeye. Shija alikuwa amekuja na flashi, ila mzee alikuwa hajakubali kusikiliza. Alikuwa amewaambia wanawe kwamba yale maneno si yake, yana mwenyewe.

Nilifunga deki yangu. Nilipima spika ya kushoto, nikapima ya kulia. Nikaweka sidii.

Minza akatokea na gauni lake la bluu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyekesha harusini.

"Mwadila mayu," alisema, ndivyo tunavyomwamkia mama kwetu. "Mama, nimekuja na nimekuona kwa mbali uko jikoni, nimeshindwa kuingia. Watu ni wengi, na mimi najijua, nitalia nivuruge harusi ya Shija. Lile neno nililosema mazishini nimelifuta. Nilikuwa na uchungu, na wewe ulikuwa na uchungu, yule alikuwa mjukuu wako. Mvua zikianza nitakuja nikae wiki nzima tupande pamoja, kama nilipokuwa msichana. Usiniwekee kiti cha mgeni. Basi, huyu kaka amechoka kunishikia kamera. Mama, nisamehe. Nami nimekusamehe siku nyingi."

Nilitazama chini muda wote. Aliposalimia, nilimsikia mzee anaitikia pole pole, "Mwadila ng'wanawane," kwa sauti ile ambayo mtu humwitikia mwanawe aliyeingia kutoka shambani. Kisha muziki ukabaki peke yake.

Nikazima. Kuku walikuwa wanachakura nje. Nikangoja anitukane, na ningeona nafuu.

"Mama yake alikuwa anakaa hapo ulipoweka mguu," akasema. "Kila akimtazama alikuwa anamwambia, nisamehe mwanangu, nisamehe. Na huyu naye anasema nisamehe. Miaka yote hiyo wanaombana msamaha humu ndani, mimi nimekaa mlangoni nasikia mmoja tu."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayetazama barabara kuona kama kuna anayekuja. Akasema, "Nimekusikia, fundi. Neno la kukupa leo sina." Kisha akaniambia niende, jua linaenda. Nilimwachia deki yangu na waya. Hakukataa, wala hakushukuru.

Nilirudi nikafunga kibanda mwezi uleule. Watu wanasema ni macho, na macho ni kweli mabovu. Nimeenda Nkoma mara mbili tangu pale, na mara zote mbili mzee amenipokea, amenipa maziwa, tumezungumza pamba na ng'ombe. Jambo lile hajalitaja, na mimi sina ruhusa ya kulitaja kwanza.

Juzi Shija alipita hapa kunisalimia. Katika mazungumzo akaniambia deki niliyowaachia ilikuwa imeanza kukwama, na baba yake akaagiza aitwe fundi. Hakuagiza niitwe mimi. Walimwita kijana mmoja wa Lagangabilili, rika lenu. Nikauliza kama alifanya kazi vizuri. Shija akasema alisafisha jicho la deki, lile linalosoma sidii, akafunga tena, sauti ikatoka, akaanza kukusanya vifaa vyake aondoke.

Mzee Jilala akasimama mlangoni na fimbo yake, hakumpisha. Akamwambia arudi ajaribu spika moja moja, ya kushoto, kisha ya kulia, yeye akiwa anasikia. Kijana alinung'unika kidogo, akarudi, akazijaribu zote mbili.

Ndipo mzee akasogea, akampisha.